Bonde Kwenye Sukari ya Baba

Kila alasiri sukari ya baba yake ilishuka bondeni, na Fundi akashuka nayo.

Aliiona kwenye kompyuta pale maabara. Mstari wa buluu ulianza asubuhi kwa maringo, ukapanda kilima cha chakula cha mchana, kisha ukaporomoka. Aliutazama mpaka akajihisi anatembea ndani ya damu ya mzee, kwenye njia yenye joto isiyo na sauti. Kifaa alikitengeneza mwenyewe: kidude kama kifungo cha koti, kimebandikwa nyuma ya mkono wa baba, chenye uzi mwembamba unaoonja sukari chini ya ngozi.

Akapiga simu. "Baba, umeshuka. Toboa kidole upime."

Akasubiri.

"Damu iko sawa, mwanangu. Mimi nimejilaza tu kwenye kochi."

"Peke yako?"

"Kochi lenyewe dogo hilo, nilale na nani?"

Kifaa kimedanganya tena.

Mkuu wa maabara hakumumunya maneno. "Kifaa kinachomfanya mtu ale sukari asiyoihitaji ni hatari. Kesho jioni tunakitupa. Usinune."

"Sinuni," alisema Fundi, amenuna.

Kesho yake alasiri akaenda nyumbani kwa wazazi. Akavua viatu, akapiga hodi ya chinichini. Hakuna aliyeitika. Pazia lilivuta pumzi na kuitoa. Kochi lilijaa nguo zilizoanuliwa. Hata paka asingepata pa kulala.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Baba amelala chali. Mama, ambaye kutwa humgombeza mzee kwa soda za kuficha, ameegemeza kichwa mkononi mwa mzee, akigandamiza kifungo kile kile. Walikoroma kwa zamu.

Simu ya Fundi ikatetemeka. Mstari ulikuwa unashuka.

Akaelewa. Nyama ikigandamizwa, majimaji yanayobeba sukari husukumwa pembeni, na uzi hubaki kwenye ukame. Uzi ulisema ulichokionja.

Mama akafungua jicho moja. "Unatafuta nini?"

"Kichwa chako, mama."

"Kimekukosea nini?"

"Kimelalia kazi yangu. Hamia upande wa pili."

"Huko kuna jua."

"Hamia, mke wangu," alisema baba, macho kayafumba kwa aibu. "Na wewe, mtoto haambiwi kila kitu."

Mama akazunguka kitanda akilalamika, akajilaza. Polepole mstari ukaanza kupanda kutoka bondeni.

Fundi akampigia Mkuu. "Usikitupe. Kilikuwa kinalaliwa."

"Na nani?"

"Mama yangu."

"Basi kitafutie mahali pasipolaliwa," alisema Mkuu. "Na watu wetu wote wanaokijaribu, waulize wanalalaje. Waulize vizuri."

Fundi akasogeza nguo, akakaa kwenye kochi. Aliutazama mstari ukienda zake, umetulia, mpaka naye akasinzia.