Chumba cha Uani kwa Ummi

Hivi wewe, ushawahi kuzunguka mji mzima kutafuta chumba cha kupanga, na hicho unacholala hakina mpangaji? Mie yamenifika, na umri huu.

Mjukuu wangu Khairat alipata nafasi ya kusomea uuguzi Chake Chake. Alitakiwa aanze Jumatatu. Asipofika, nafasi anapewa mwengine. Ana mtoto wa miezi minne anyonyaye, na Shumba kwetu si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku. Tukashuka sote watatu, yeye asome, mie nilee.

Tulifikia mtaa wa Tibirinzi kwa Ummi, mtoto wa mama yangu mdogo. Ni mjane. Akatutandikia chumba cha uani, chenye wavu mpya dirishani. Mpangaji wake, mwalimu kutoka bara, alikuwa amehamishwa, na kodi ya chumba kile ndiyo iliyokuwa ikimlisha Ummi. Sasa, wiki moja tuwe wageni, sawa. Miaka mitatu je, tumkalie mjane bure? Na kumtajia kodi siwezi. Kwetu ndugu hamtajii ndugu yake kodi. Ni kama kumwambia kuanzia leo si wangu. Nikasema tunatafuta pa kukaa. Ummi akavaa buibui akatuongoza.

Tulianza na majumba ya serikali, ambayo kodi yake ni nafuu. Karani akataka barua ya sheha, mkuu wa mtaa, wa hapa mjini. Tukaenda kwa sheha, Mzee Haroub, tukamkuta anakula muhogo wa nazi. Akasema kwa upole kwamba hamwandikii barua asiyekaa kwenye shehia yake; tupate chumba kwanza. Nikamuuliza, nikishapata chumba, barua ya nini tena? Akacheka, akanikaribisha muhogo. Niliula, maana njaa ilikuwepo.

Nyumba ya pili hawakutaka mtoto mchanga. Ya tatu kuku walikuwa wanaatamia ndani ya chumba, na mwenyewe akasema hawahami mpaka watotoe. Na pale palipofaa, Ummi alipatia ila: hapa pana unyevu, pale choo ki mbali, huku majirani wana midomo. Siku tano hizo. Miguu ilinivimba kama mikate ya mofa.

Jumamosi tukafika kwa Kificho, muuza mabati. Alikuwa na chumba kikavu, kodi tunaiweza, na mtoto hakumkera. Nikafungua mdomo nimwambie tumekubali. Ummi akasema paa linavuja.

Kificho akamtazama. "Bi Ummi, bati hilo nimelipiga mwezi uliopita kwa mkono wangu."

Khairat akainamia mtoto, machozi yamemjaa. Kesho kutwa ndiyo Jumatatu. Mie nikachoka, wallahi.

"Ummi," nikamwambia, "siku tano watuzungusha, kila chumba kibaya. Wataka huyu mtoto asisome? Wataka nini, wewe?"

Akakaa kwenye baraza ya Kificho, akavua viatu, akavipanga vizuri kimoja pembeni ya chenzake. Hakunitazama.

"Nataka mpange changu, dada. Mnilipe kodi kila mwezi, mkononi, nami niipokee. Tangu siku mliyokuja nakungojea useme wewe."