Sahani ya Verlin

Mume wangu Verlin nilimchunga miezi mitatu kama askari jela, wala sikuona haya. Tunaendesha lori moja wawili: yeye akishika usukani mimi nalala nyuma, nikishika mimi analala yeye, na mzigo hausimami kutoka Ohio mpaka Utah. Mwezi wa Februari daktari wa madereva alimkuta sukari na presha vimepanda, akampa cheti cha afya cha miezi mitatu badala ya miaka miwili. Akirudi mwezi wa Mei vikiwa havijashuka, cheti hapati, na bila cheti leseni ya lori ni karatasi tu. Verlin ana miaka hamsini na minane. Hajui kazi nyingine, na hataki kuijua.

Basi nikaingia kazini. Nilinunua jiko dogo la umeme, nikajaza friji yetu mayai, kuku na maharage mabichi. Wiki mbili tukawa tunakula humo humo ndani, magoti yamegongana, dirisha limejaa mvuke. Lakini mtu aliyeketi nyuma ya usukani kutwa nzima anataka naye akae kwenye kiti kisichotikisika, aone watu, aulizwe habari. Nikamhurumia. Mara moja kwa siku tuliingia mkahawani, kwa sharti moja: yeye haagizi, naagiza mimi.

Mkahawa tulioupenda zaidi ni ule wa Arlys, magharibi mwa Nebraska. Arlys ametuhudumia miaka kumi na tisa, na kwake dereva asiyekula viazi ni kama amefiwa. Nikiagiza samaki wa kuchoma na kabichi, samaki atakuja amelalia chipsi, na mkate wa siagi juu. Nikimwambia asilete, ataleta.

"Verlin, umekonda," alisema siku moja mwezi wa Machi. "Huyu mkeo anakulisha nini, majani?"

"Majani na lawama," Verlin akajibu.

"Lawama hazina sukari," nikamwambia. "Kula."

Nikazihamisha chipsi kutoka sahani yake kuja yangu, na mkate nao. Kutupa chakula siwezi. Nimelelewa shambani Iowa na mama ambaye alikuwa haruhusu uinuke mezani mpaka sahani iwe nyeupe, na mpaka leo nikiona chakula kinakwenda kwenye pipa roho inaniuma. Nikala changu, nikala na chake.

Halafu Arlys akaleta pai ya tufaha, kipande anachomwekea Verlin tangu tumjue. Hajawahi kututoza hata senti. Kumrudishia ni kumtukana.

"Ncha yake tu, bosi," Verlin akasema.

"Ncha ukamwonyeshe daktari."

Nikaivuta pai. Alinitazama nikila mpaka mwisho, mikono yake imelala mezani.

"Tamu?" akaniuliza.

"Ya kawaida."

Nilidanganya. Ilikuwa tamu mno.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, Nebraska, Wyoming, Utah na kurudi. Kila mahali nilimnyang'anya, na kila nilichomnyang'anya nilikila. Mwezi wa Aprili suruali zikaanza kunibana, nikailaumu mashine ya kufulia. Nikawa na kiu isiyokwisha, nasimamisha lori kila baada ya saa moja kwenda chooni, nikasema ni hewa kavu ya Wyoming. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye tumbo la Verlin. Langu nililisahau kabisa.

Mei ikafika. Cheti changu cha miaka miwili nacho kilikuwa kinaisha mwezi huo, kwa hiyo tuliingia kliniki pamoja, kila mtu na kikombe chake cha mkojo. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote na changu. Nilikuwa namtazama Verlin akijaza fomu.

Yeye aliitwa kwanza. Alitoka na karatasi mkononi, cheti cha mwaka mzima, na macho mekundu. Nilimkumbatia mbele za watu nikalia kwa sauti. Nilijiona nimemwokoa mimi.

Kisha daktari akaniita.

"Umekula nini asubuhi, mama?"

"Yai moja."

Akanichoma kidole, akatazama kimashine chake, akakitazama tena.

"Kitakuwa kibovu," nikasema.

Akachoma kidole kingine. Namba ikawa ile ile. Akaandika bila haraka: cheti cha miezi mitatu, na nimwone daktari wangu wiki hiyo hiyo.

Tulirudi kwenye lori. Nilikaa nikisubiri Verlin acheke. Alikuwa na haki ya kunicheka, baada ya yote niliyomfanyia. Hakucheka. Alishika usukani na injini haijawashwa.

"Mimi nilikuwa nakuona," akasema.

"Ukiniona nikifanya nini?"

"Ukila. Zako na zangu, kila siku. Na maji yale, na choo. Mimi si ndiye mgonjwa wa sukari? Nilijua kabisa ile kiu ni ya nini."

"Na hukusema?"

"Sikusema." Alitazama mbele. "Niliona nikisema utaacha. Ukiacha, ile sahani itabaki mbele yangu, na mimi nisingeweza kujizuia, Nadine. Nisingeweza."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kumpiga na begi. Miezi mitatu mwanamume anamtazama mkewe anajiua kwa kijiko, anamwuliza kama ni tamu. Nikafungua mdomo nimtolee yote. Hapo nikakumbuka kwamba katika miezi hiyo mitatu sikumwuliza hata siku moja kama anaona njaa, au kama inamwuma kukaa vile mikono mezani. Nilikuwa nahesabu vipande tu.

Malori mengine yalikuwa yanaingia na kutoka uwanjani.

"Leo agiza wewe," nikasema mwishowe.

"Nimwagizie nani?"

"Sote wawili. Na mimi nikinuna, usinyamaze tena."

Akaniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo, lakini nilimwambia ninayo.