Mawifi Wawili Magofuni

Safari ile haikupangwa iwe ya mawifi. Ilikuwa ya mke na mume: Mama Pacha, fundi cherehani aliyeshonea sare nusu ya watoto wa mtaa wao, na mumewe, dereva wa treni mstaafu. Watoto wao pacha ndio waliowakatia tiketi ya meli kubwa ya watalii, ile inayotembea bandari hadi bandari. Katika safari nzima mzee alikuwa na hamu na siku moja tu, siku ya kushuka kwenda kuona magofu ya mji wa kale. Aliyaona zamani kwenye televisheni, yakamwingia moyoni yasitoke. Basi moyo huohuo ukasimama asubuhi moja akiwa anakunywa chai, tiketi zikabaki mezani.

"Nenda na shangazi," pacha walimwambia mama yao. "Peke yako hatukubali."

Shangazi mwenyewe alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, aliyezalisha wanawake hadi akastaafu. Kila mtu alimwita Mkunga. Yeye na Mama Pacha waliheshimiana sana, na heshima ikawa ndiyo ukuta wenyewe: shikamoo za watoto, habari za nyumbani, kwaheri. Siku ya mazishi Mkunga hakudondosha chozi. Alisimamia maji, viti na wageni kama anayeendesha wodi, na jambo hilo lilimkaa Mama Pacha kooni.

Chumba chao cha melini kilikuwa kidogo, mtu akinyoosha mkono anagusa kitanda cha mwenzake. Mama Pacha alizoea kulala taa ikiwaka. Mkunga alikoroma.

"Wifi, taa."

"Wifi, geuka basi upande wa pili."

Maongezi yao yaliishia hapo.

Siku ya magofu ilifika, wakapakiwa kwenye basi pamoja na abiria wengine. Mwongozaji alikuwa mwanamume wa makamo, kavaa kofia pana ya majani, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa mnada. Walipokaribia kushuka, kamba ya kiatu cha Mama Pacha ilifunguka. Magoti yake hayakuwa ya kuinama ovyo tena, akabaki anaitazama. Bila kuulizwa, Mkunga alichuchumaa akaifunga. Mama Pacha akaviona vile vidole: vipana kwenye ncha, gumba limepinda nje kidogo. Ilikuwa mikono ya mumewe kabisa, utadhani imekatwa kwenye kitambaa kimoja. Akageukia dirishani upesi.

"Inabana?" Mkunga aliuliza.

"Hapana. Asante, wifi."

Wakapita barabara ya mawe, wakapita nguzo zilizobaki zimesimama bila paa la kubeba. "Hapa palikuwa soko," mwongozaji alisema. "Wake walikuja kununua, waume walikuja kununa." Watu wakacheka. Mwishowe wakaingia kwenye ukumbi wa wazi wa michezo, viti vya mawe vimepanda mlima safu juu ya safu, na chini kabisa, katikati, jiwe moja la duara.

"Simama kwenye jiwe hili uongee taratibu tu," mwongozaji alisema, "aliyeko safu ya mwisho kule juu anakusikia kama mko meza moja. Ila yeye akikujibu kutoka kule, huambulii kitu." Akachana karatasi pale katikati, na waliokuwa wamepanda wakapiga makofi kwamba wameisikia.

Mama Pacha alizitazama ngazi, akayatazama magoti yake, akakaa chini kivulini. Mkunga na miguu yake mirefu akapanda. Baada ya muda kundi likatoka kwa lango la juu kwenda kuona mabafu ya kale. Sauti zikafifia. Ukumbi ukawa kimya, na Mama Pacha akaamini amebaki peke yake.

Akajikongoja hadi kwenye lile jiwe. Akatazama huku na huku, akaona aibu kidogo, kisha akasema:

"Haya, Baba Pacha. Nimefika. Ni mawe tu, lakini ungeyapenda. Mwongozaji angekukimbia kwa maswali." Akatazama kiatu chake. "Nimekuja na dada yako. Usiku anakoroma kama kichwa cha treni yako. Leo kanifunga kiatu, nikaona mikono yako. Nusura niishike nisiiachie. Nyumba imekuwa kubwa, mume wangu. Bado napika chakula cha watu wawili. Natamani nimwambie aje tukae wote, ila nitaanzaje? Ataona natafuta mtu wa kunihudumia. Yeye hana shida na mtu. Hata wewe hakukulilia."

Alipoinua macho kujifuta, akaona kitu kinasogea safu ya mwisho kabisa. Mtandio wa bluu. Ulikuwa mtandio wa Mkunga.

Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Kule juu Mkunga alikuwa amesimama, mdomo unakwenda, mikono inakwenda, na neno halifiki.

"Sisikii, wifi!"

Mkunga akaendelea kusema weee, kisha akakata tamaa, akaanza kushuka ameshikilia viti. Alipofika chini alikuwa anahema, na uso umelowa machozi hadi kidevuni.

"Maneno yote yale hujasikia hata moja?"

"Hata moja."

"Basi nitafupisha, pumzi zimeniishia." Akajitupa kwenye safu ya kwanza. "Nililia, wifi. Nililia stoo, nyuma ya magunia. Nikimaliza nanawa uso, natoka. Wewe ulikuwa umeanguka chini. Na mimi ningeanguka, nani angewapokea watu?"

Mama Pacha akaliacha lile jiwe. Akaketi karibu naye.

"Yule nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani," Mkunga alisema. "Alikuwa mtoto wangu kabla hajawa mume wa mtu. Alipooa, nikajiambia sasa kaa mbali, usiwe wifi wa kuchungulia sufuria za watu."

"Mimi nikajua hunitaki."

"Sikutaki?" Mkunga alimgeukia, karibu akasirike. "Alikuja kuniuliza, dada, yule binti fundi wa nguo unamwonaje? Nikamwambia, ukimwacha huyo, usije kwangu tena."

Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkono. Mumewe hakuwahi kumwambia. Kicheko kikamtoka kimechanganyika na kilio, hakujua kipi ni kipi.

"Sasa niulize," Mkunga alisema.

"Nikuulize nini?"

"Lile ulilomwambia yeye. Mimi nipo hapa, niulize mimi."

Mama Pacha akavuta pumzi. "Wifi, utakuja tukae wote?"

"Nitakuja. Ila kupika ni zamu."

Walikuwa wameshikana mikono pale, vichwa vimeinama, mwongozaji alipoingia mbio, kofia mkononi. "Mama zangu! Basi zima linawasubiri, na meli haina huruma! Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, mwanangu," Mkunga alimjibu. "Tupe mkono tu huku na huku."

Akawatoa mmoja kila upande, polepole, akilalamika njia nzima na bila kuwaharakisha hata kidogo.

Mkunga alihamia kweli, mwezi uliofuata, na cherehani ikasogezwa ukutani kupisha kitanda chake. Lakini mchana ule ndani ya basi hawakuzungumza habari za kuhama. Abiria wengine waliwakodolea macho kwa kucheleweshwa, wao hawakuwaona. Mkunga alijiinamisha sikioni kwa wifi yake.

"Unajua alikuwa anaogopa kuku?"

"Nani, Baba Pacha? Acha uongo!"

"Kuku mmoja tu akitokea, analia mpaka nimbebe. Na ukubwa ule."

"Mume wangu huyuhuyu?"

"Huyohuyo. Sogea nikupe kisa cha siku ya jogoo."

Mama Pacha akasogea.