Dunia Iliyonenepa

Tabia alikataa, na alikataa mbele ya walimu wenzake. Bwana Mjaka, mwalimu mkuu, alikuwa amemwomba kwa upole kabisa afute namba moja tu ukutani kabla wageni wa maonyesho ya Januari hawajafika skuli. Namba moja! Ina nini hata mtu akosane na mkubwa wake?

Namba yenyewe ilitoka kwa wasichana wake. Mwezi wa Oktoba, siku ambayo jua la adhuhuri husimama sawasawa juu ya mji wao wa Unguja, walisimamisha mti wa kupimia uani wakauona hauna kivuli hata chembe. Wakati huo huo kule Wete, Pemba, Hamad, binamu yake Tabia, alisimamisha mti wa urefu ule ule, na wa kwake ukatoa kivuli kifupi. Dunia ingekuwa bapa kama sinia, miti yote miwili ingekosa kivuli pamoja. Kile kivuli ndio mbinuko wa dunia baina ya Unguja na Pemba, na ukijua umbali wa visiwa hivyo unapata mzunguko wa dunia nzima. Wasichana walipiga hesabu mpaka wakachoka, wakapata maili elfu ishirini na nane. Kitabu kinasema elfu ishirini na tano.

"Wageni watatucheka," alisema Bwana Mjaka. "Andika ya kitabu."

"Ya kitabu kaipima mwenye kitabu," Tabia akajibu. "Hii tumeipima sisi, na kama ina kosa, kosa ni letu. Siifuti."

Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, mtaa wa Malindi pale pale mjini, hana mwengine wa kumwangalia, na siku hizo uhamisho ulikuwa ukigaiwa kama njugu. Lakini Kazija, mdogo kuliko wote darasani, alikuwa kila siku akimuuliza walikosea wapi. Namba ikifutwa, na swali la Kazija linafutwa. Hilo lilimkera Tabia kuliko uhamisho.

Wageni wakaja, wakasoma, mmoja akacheka kweli. Wiki haikwisha, barua ikafika: Mwalimu Tabia aende Wete. Alimpa mama yake habari huku machozi yanamlenga. Mama akageuka kitandani, akauliza kwani Pemba hakuna vitanda, akaamrisha afungiwe mkeka wake.

Basi wakapanda meli wote wawili. Ilipokwisha kuiacha bandari, Tabia alingoja ielekee kaskazini moja kwa moja, kama alivyowafundisha wasichana. Wapi! Alimwendea mshika usukani, akaomba kuitazama dira. Meli ilikuwa imepindia upande wa mashariki. Pemba haiko kaskazini ya Unguja moja kwa moja, imekaa pembeni. Kivuli kinapima mwendo wa kaskazini peke yake, na wao wameihesabu njia ya mshazari, iliyo ndefu zaidi, kama iliyonyooka. Ndiyo maana dunia yao ikanenepa.

Aliona haya, maana kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kisha akacheka mpaka mama yake akamuuliza ana nini.

Jioni ile ile, kabla hata ya kufungua mizigo, alimwandikia Kazija. Alimweleza walipokosea, akamalizia hivi: "Namba yetu msiifute. Wakishaipaka chokaa, iandikeni tena, na sababu yake chini. Machi jua linarudi juu yenu. Simamisheni mti. Safari hii kivuli nakipima mimi."