Miche ya Amana

Saikal aliihesabu miche ya kitalu cha saba mara tatu, na mara zote tatu alipata sita. Mwezi wa tano aliiacha sita. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamepita humo tangu majira ya joto yaanze, na bado ilikuwa sita, imesimama wima, kila mmoja na kibati chake cha namba, majani yakiwa safi kana kwamba kuna mtu aliyeyapangusa vumbi.

Alikaa chini kwenye nyasi, akafungua daftari, akaangalia tena hesabu za tangu jana.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, na alishaieleza mara nyingi kwa watu waliodhani anatafuta dhahabu. Msitu huu wa mijozi ulikuwa unazeeka. Miti mikubwa ilizaa kila mwaka, familia zilihamia msituni kuokota jozi, lakini miti michanga ilikuwa haionekani. Wengine walisema ni ng'ombe, wengine walisema ni ukame. Saikal, mwanafunzi wa uzamili katika masomo ya mazingira, alitaka kujua ni kipi kati ya hivyo. Akapima vitalu ishirini, kila kimoja hatua tano kwa tano. Kumi alivizungushia wavu wa waya ng'ombe wasiingie. Kumi alivipigia vigingi vinne tu kwenye pembe, akaviacha wazi. Kisha angelinganisha.

Sasa vile vyenye waya vilikuwa na miche hamsini na minane kati ya sabini na mmoja. Hiyo ilieleweka, kwa maana jua la mwaka huu lilikuwa kali. Lakini vile vya wazi, vilivyokuwa na miche sitini na minne, vilibaki na sitini na miwili. Na ile miwili iliyokosekana haikuacha hata kijiti kilichokauka. Hata vibati vyake havikuwepo.

Kwa hesabu hizo, ng'ombe walikuwa wanaitunza miche kuliko waya.

Alijua hakuna msimamizi ambaye angeikubali hesabu kama hiyo bila maelezo, naye maelezo hakuwa nayo. Tasnifu ilitakiwa mwezi wa kumi na mbili. Ufadhili wake ulikuwa unaisha mwaka mpya, na huko kwao Naryn mama yake alishawaambia majirani kwamba binti yake anamaliza. Alifunga daftari, akateremka kuelekea kibanda cha Burul-apa.

Burul-apa, yaani mama Burul kwa lugha ya huko, alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye mikono iliyokuwa imeshaanza kuingia weusi wa maganda ya jozi ingawa mavuno yalikuwa hayajachanganya. Sehemu hii ya msitu ilikuwa imekodishwa kwa familia yake, na kila mwaka alihamia humo tangu majira ya kuchipua, akaishi kwenye kibanda cha mbao pamoja na mwanawe Taalai, hadi theluji iwafukuze. Saikal alikuwa mgeni wao. Alilala kwao, alikula kwao, na kila alipojaribu kuosha bakuli alinyang'anywa.

Taalai alikuwa ameketi nje akinoa shoka. Alimwangalia Saikal usoni na kumuuliza kama miti imemtukana. Saikal alitabasamu kidogo, akaingia ndani.

Chai ilikuwa tayari. Burul-apa alimmiminia kidogo tu kwenye bakuli, kama anavyomiminiwa mtu unayetaka akae sana na kuongezewa mara nyingi, akamsogezea mkate na bakuli la malai ya maziwa. Kisha hakukaa. Alisimama karibu na sanduku lake la nguo, akavutavuta ncha ya kilemba, akifanana na mtoto aliyevunja kitu.

"Mwanangu," alisema, "najua umeshahesabu. Nilikuwa nakungoja unywe chai kwanza."

Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, akakiweka mezani mbele ya Saikal na kukikunjua. Ndani mlikuwa na miche miwili mikavu, na vibati viwili vya namba vilivyopanguswa vikang'aa.

"Huu mmoja ulikatwa mizizi na fuko," alisema Burul-apa. "Huu mwingine mwenyewe sielewi. Niliumwagilia kila siku mwezi wa nane, ukakauka tu. Niwie radhi. Nimeshindwa kukurudishia yote."

Saikal aliitazama ile miche, na polepole mambo yakaanza kumjia.

Mwezi wa tano, asubuhi ya kuondoka, alisimama hapo mlangoni na mkoba mgongoni. Alitaka kusema tu kwamba vigingi visiguswe. Lakini kumpa mtu mzima amri nyumbani kwake ni jambo gumu, na Saikal alikuwa mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi. Kwa hiyo alisema kama mama yake alivyokuwa akisema anapoacha kitu kwa watu, kwamba vitalu vyake anamwachia apa kama amana. Burul-apa alikuwa ameweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Saikal alidhani anaagwa.

Na amana huku milimani si maneno ya kuagana. Mtu akikuachia ng'ombe wake msimu wote, siku ya kurudi unamkabidhi ng'ombe. Akifa, unamkabidhi ngozi, ajue hukumuuza wala hukumla. Saikal alikuwa amezaliwa kwenye nyumba ya wafugaji na alilijua hilo tangu utotoni. Kilichompita ni kwamba mche nao unaweza kuwa na ngozi.

Burul-apa alieleza yote bila kujisifu, kama mtu anayetoa hesabu. Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajapandishwa, alikwenda kuizungushia miche matawi ya miiba. Vile vya waya havikumhangaisha, kwa sababu vilikuwa na mlinzi wake. Ni vile maskini visivyo na kitu ndivyo alivyovishughulikia. Alizunguka vitalu vyote kumi, fimbo mkononi, magoti yakilalamika. Mwezi wa nane alibeba maji kwa ndoo kutoka kwenye chemchemi. Na Jumapili, aliposikia kwamba Saikal anakuja, aliiondoa miiba yote na kuyapangusa majani, kwa sababu huwezi kumkabidhi mtu mnyama wake akiwa na matope.

Saikal alivigusa vile vibati kwa ncha ya kidole. Sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa inataka kulia, na haikuwa na uhakika inalilia nini. Kiangazi chake chote kilikuwa kimekwisha. Vitalu kumi vilivyokusudiwa kuonyesha ng'ombe wanafanya nini msituni vilionyesha tu bibi mmoja mwenye ndoo alifanya nini. Na bibi mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake akingoja hukumu ya miche miwili.

Alifanya jambo pekee lililowezekana. Aliinuka, akakichukua kile kitambaa kwa mikono miwili, akaweka mkono kifuani.

"Nimepokea, apa," alisema. "Nimepokea yote. Mungu akulipe."

Burul-apa alishusha pumzi ndefu, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajimiminia chai yake mwenyewe.

Adhuhuri Saikal alipanda hadi kilimani kwenye mwamba, mahali pekee ambapo simu ilipata mtandao. Kabla ya kupiga alikaa na daftari mapajani. Alikuwa na njia mbili za kunyamaza. Angeweza kuandika sitini na miwili kama ilivyo, watu wakasoma kwamba ng'ombe hawana hatia, na msitu ukaendelea kuliwa kwa jina lake. Au angeweza kuifuta ile sitini na miwili kwa raba na kuandika ishirini, kwa kuwa ishirini ndiyo ambayo kila mtu aliitarajia na huenda ndiyo ambayo ingekuwa kweli. Hakuna ambaye angepanda milima yote hii kuja kuhesabu. Raba ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaishika kidogo, akairudisha, akapiga simu haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Mwalimu Ormonova, msimamizi wake, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeogopwa na idara nzima. Saikal alimsimulia kila kitu, mpaka ule mche uliokatwa na fuko. 

"Haya unaniambia kabla ya kuandika, au umeshaandika?" aliuliza mwalimu.

"Kabla."

"Afadhali."

Kisha alisema aliyokuwa nayo, bila kuyapamba. Vitalu vya waya vinafaa, lakini nusu ya jibu haiwezi kuwa tasnifu. Msimu mmoja zaidi unahitajika. Ufadhili hautaongezwa, amejaribu kuwaombea wengine akashindwa. Kuna kazi ya kupanga mimea iliyokaushwa kwenye stoo ya idara, malipo yake ni madogo na vumbi lake ni jingi, akitaka ataandikwa. Saikal alijibu kwamba anaitaka. Alishangaa jinsi jibu hilo lilivyokuwa jepesi kulitamka, ingawa alijua usiku atamfikiria mama yake na wale majirani.

"Na huyo mama, umeshamwambia?" mwalimu aliuliza.

"Bado."

"Mwambie. Usipomwambia, mwakani atakulindia tena."

Alipoteremka aliwakuta wote wawili nje, Taalai akipasua kuni na mama yake akianika madonge meupe ya maziwa ya mgando juu ya ubao. Saikal aliketi karibu naye na kuanza kumsaidia kuyageuza, na safari hii hakunyang'anywa. Aligeuza safu nzima kabla ya kupata pa kuanzia.

"Apa, vile vitalu visivyo na waya," alisema huku akitazama ubao, "niliviacha wazi ili ng'ombe waingie."

"Waingie wafanye nini?"

"Wale."

Mkono wa Burul-apa ulisimama. Taalai aliacha kupasua kuni, akatazama mbinguni, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Nilikwambia, mama," alisema. "Mwezi wa sita nilikwambia huyu msomi anataka kuona wakila. Ukanirushia upawa."

"Wewe nyamaza." Burul-apa hakumgeukia. Alikuwa anamtazama Saikal, na hakuwa na hasira, ila alikuwa anatafuta kuelewa. "Kama ulitaka iliwe, kwa nini uliniachia mimi? Ungemwachia huyu. Angekulishia mpaka vigingi."

"Nilisema amana kwa adabu tu, apa. Sikufikiri."

"Kwa adabu tu," Burul-apa alirudia polepole.

Aliendelea kugeuza madonge yake. Saikal alitamani ardhi immeze. Taalai naye, alipoona mama yake hacheki, alirudi kwenye kuni zake kimyakimya. Baada ya muda Burul-apa aliuliza kama sasa ile karatasi ya chuo hatapewa. Saikal alimweleza kwamba atapewa, ila mwaka mmoja mbele, na kwamba mpaka hapo atafanya kazi.

"Kwa hiyo nimekula mwaka wako."

"Nimeula mwenyewe, apa. Wewe ulifanya nililokuomba."

Mama yule alilipima jibu hilo. Lilionekana kumtosha, kwa kuwa lilikuwa kweli, naye hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Mwakani vitalu vyako viweke ule upande wa pili wa bonde, kwa akina Mamat," alisema. "Hapa usiweke. Nikimwona ng'ombe anauendea mche, mimi siwezi kukaa. Hata uniandikie na muhuri, siwezi."

"Sawa, apa."

"Na wale usiwaambie amana. Waambie wasiguse, basi. Jifunze kusema."

Saikal alicheka, na macho yakamlowa kidogo, akajifanya ni moshi.

Jua lilipoanza kuteremka walipanda wote wawili kwenda kung'oa vigingi, Burul-apa na fimbo yake, Saikal na mfuko wa kutia vibati. Katika kila kitalu Saikal aliinama, akafungua waya mwembamba, akaitoa namba shingoni mwa mche. Alianza kusema kwamba sasa apa amepumzika, kwamba kuanzia leo miche hii haina mwenyewe, ila Burul-apa alimkatiza na kumwambia kwamba vibati na vigingi ni vya chuo, achukue, lakini miche imeota kwenye sehemu yake na anaifahamu mmoja mmoja, kwa hiyo suala la mwenyewe asilitaje.

Walikuwa kwenye kitalu cha mwisho wakati ng'ombe mwekundu wa jirani, aliyekuwa amebaki nyuma ya wenzake, alipotokea kati ya vigogo. Alisimama, akawatazama, kisha akainamisha kichwa taratibu kuelekea mche wa pembeni, ulimi ukiwa umeshatoka. Hicho hasa ndicho Saikal alichokuwa ametaka kuona tangu majira ya kuchipua.

Burul-apa aliinua fimbo, lakini alikuwa amechelewa. Saikal alishatupa mfuko chini, vibati vikalia, na alikuwa anamkimbilia yule ng'ombe huku akipunga mikono yote miwili, akimfukuza kwa sauti ambayo hakuna mtu chuoni aliyewahi kumsikia nayo.

Ng'ombe aligeuka akaondoka bila haraka. Saikal alirudi akihema, akapiga magoti kuangalia mche. Jani moja lilikuwa limepasuka ncha.

"Huo utapona," alisema Burul-apa, akainama kuokota vibati.