Mguu wa Mbele

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujitolea. Nani alinituma kupanga vyuma vya kuanzia mbio? Nilivigongomea kwenye kifusi cha uwanja pale Magomeni ya Mtwara kama nilivyozoea kumpangia Somoe zamani: mguu wa kushoto mbele. Nikasahau kwamba wa kushoto uliondoka na ajali ya bodaboda, na sasa chini ya goti ni bandia.

"Mtani, umepanga vizuri?" Somoe akauliza.

"Inama wewe, robo tatu mtu. Ukianguka, sisi Wamakonde tutakuzika."

Watu wakacheka. Yeye Myao, matusi yangu kwake ni salamu. Mwili wake nao ukakumbuka ya zamani, akaingia kwenye vyuma bila kubisha.

Lakini kidonda cha kigutu kilikuwa kimefunga juzijuzi tu, na daktari alishasema: kikifumuka tena, anakata juu ya goti.

"Tayari!" Mwalimu Felista akaita.

Somoe akainua kiuno, uzito wote ukamwendea mbele. Ndipo nikaona. Mguu wa mbele ndio unaosukuma kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimeutanguliza ule usio na nyama. Jasho lilichuruzika kwenye kikombe kinachoshika kigutu. Kikombe kikaanza kuteleza.

Nikapiga kelele.

"Somoe, usiondoke! Utaanguka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtani kaanza tena.

"Mustafa, utani baadaye," Felista akasema, akatia filimbi mdomoni.

Sauti yangu nilikuwa nimeimaliza yote kwenye mzaha. Nikajitupa chali kwenye njia yake. Filimbi ikalia. Somoe akachomoka, mguu ukabaki. Goti lake likatua tumboni kwangu badala ya kwenye kifusi.

Kicheko kikakatika. Mguu ulikuwa umesimama peke yake kwenye chuma, na kiatu chake.

Somoe akavua soksi ya kigutu polepole. Kovu limevimba, ila kavu.

"Imetosha," nikasema. "Kesho kwenye mashindano tutakaa tuwashangilie wenzetu."

"Vyuma ndivyo vilivyokaa vibaya, siyo mimi."

"Hata vikikaa vizuri! Jasho la Mtwara hulijui? Navificha."

Somoe alikuwa akikausha kikombe kwa ncha ya mtandio. Hakuinua hata macho.

"Mtani, aliyenikata mguu wa kwanza alisomea. Wewe unayetaka kunikata wa pili umesomea wapi? Panga vyuma, wa kulia mbele."