Vyungu Vilivyooshwa

Lusia aliviosha vyungu vitatu kwa majivu na gunzi mpaka viganja vikachubuka. Kimoja kilikuwa na udongo mgumu shingoni. Akaukwangua kwa msumari, akaumwaga uani. Miaka yote vilikaa makaburini kwa wazee wake, vinamiminiwa pombe ya mtama. Asingeviweka vichafu mbele ya watu wa mjini.

Mwekezaji wa dhahabu alilitaka eneo lote. Makaburi yenyewe ni mawe tu, hayana majina. Mjukuu wa Lusia, Goodness, anayesoma chuo Shinyanga, alikuja mbio na habari hata begi hajashusha: mtaalamu wa mambo ya kale anakuja, na vyungu vikionekana vya kale, hapachimbwi. "Bibi, tumepona."

Mtaalamu Stanslaus alifika na mwenyekiti wa kijiji, Masele, ndani ya gari la mwekezaji.

"Shikamoo, mayu," Stanslaus akamwamkia kama mama yake.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Stanslaus akakipindua chungu kimoja, akapitisha kidole chini.

"Masizi yake yako wapi?"

"Nimeosha. Vyote."

"Chombo cha kale kina masizi, kina udongo ulioganda. Hiki kinang'aa, mayu. Sokoni Ushirombo vimejaa."

"Tena vya sokoni vina vumbi kidogo," Masele akasema, akacheka.

Lusia akamgeukia. "Masele, vyungu hivi umevikuta makaburini tangu unatambaa."

"Mimi siyo mtaalamu, mayu."

Goodness alikuwa ameshakimbilia uani. Akarudi na udongo mikononi, umechanganyika na majivu na mavi ya kuku. "Huu hapa. Ulikuwa shingoni."

"Dada yangu, udongo wa uani hata mimi naokota."

Stanslaus akaandika: *vya kisasa*. Masele akakishika kidole gumba cha Lusia, akakichovya kwenye wino, akakibandika chini ya karatasi.

Jumatatu katapila lilipandisha kifusi chekundu, na ndani yake nusu ya chungu, cheusi tii kwa masizi. Dereva akazima mashine. Masele akafungua karatasi ile.

"Hicho hakimo kwenye orodha. Endelea."

Goodness alikuwa ameshakipiga picha, ameshamtumia Stanslaus. Lusia akasimama kando yake, wakaikodolea simu. Katapila likaenda, likarudi, likaenda tena, likafika kwenye mawe ya kaburi la baba yake Lusia.

Jibu likaingia. Goodness akamsomea bibi yake kwa sauti ya juu, kushinda mngurumo: "Safi sana dada. Hiki ndicho cha kale kweli. Hapo pasiguswe."